McMillan: Mlowezi aliyezikwa mlimani Machakos bila kuacha mrithi wa jina

KATIKA boma nyingi za Masii, mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Machakos kuelekea Kitui, si ajabu kumpata mzee anayeweza kuhesabu mababu zake vizazi kadhaa nyuma bila kutazama karatasi yoyote. Huanzia kwenye mbai, yaani ukoo, awe ni wa Atangwa, Aombe, Amutei au mwingineo, kisha hurudi nyuma hadi kwenye milima ya Mbooni ambako Wakamba wengi husema ndiko walikotawanyikia. Mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na kwa njia hiyo aliyekufa hurejea nyumbani kila baada ya kizazi kimoja.

Upande wa pili wa iliyokuwa wilaya ya Machakos, kaskazini magharibi, kuna jina jingine ambalo halikupata mtoto wa kulirejesha. Limechongwa kwenye jiwe la kaburi katika mteremko wa Ol Donyo Sabuk, mlima ambao Wakamba huuita Kyanzavi na wengine Kilimambogo kwa sababu ya nyati wake. Ni jina la Sir William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani aliyekuwa miongoni mwa wageni wa mwanzo kutwaa ardhi kubwa katika Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza. Ukoo huo ulivuka bahari zaidi ya mara moja kabla ya kukomea hapo.

Babu yake na bibi yake upande wa baba walikuwa Waskoti waliohamia Kanada na kufanya makao katika mji wa Hamilton, Ontario. Huko ndiko alikozaliwa mwana wao James mwaka 1838, na baadaye mdogo wake William. James alivuka mpaka akaingia Detroit, akajitajirisha kwa kuunda mabehewa ya reli, kisha akawa seneta wa jimbo la Michigan katika Bunge la Marekani kuanzia 1889 hadi alipofariki mwaka 1902. Jina lake linakumbukwa mjini Washington kwa mpango wa kuupamba mji huo mkuu. Ndugu yake William alishika biashara hiyo hiyo ya mabehewa katika jimbo la Missouri, na kampuni yake ikawa sehemu ya muungano mkubwa wa viwanda vya mabehewa uliofanyika mwaka 1899.

Huyo William ndiye baba. Mamaye alikuwa Eliza Northrup, na jina la ukoo wa mama likawa jina la kati la mtoto aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872. Ni wazi basi kwamba utajiri ulioununua mlima wa Machakos haukuchimbwa Machakos. Ulitokana na reli za Marekani, na ukamfuata kijana ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kufanya kazi ili ale.

Mwaka 1894 alimwoa Lucie Fairbanks Webber, binti kutoka Massachusetts. Baada ya hapo Marekani ilionekana kumbana. Alipenda uwindaji na safari za hatari, na mwaka 1903 aligharimia msafara wa kuushuka mto Nile ya Buluu kutoka Uhabeshi kwa mashua za chuma. Mashua hizo zilivunjwa na maporomoko muda mfupi baada ya kuingia majini, na msafara ukafa pale pale. Mtu mwingine angerejea nyumbani kwa aibu. McMillan aligeukia kusini, akaingia nchi ambayo Waingereza walikuwa wameanza kuitafutia walowezi.

Wakati ulimfaa. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899 na ufuoni mwa Ziwa Victoria mwaka 1901. Serikali ya kikoloni ilihitaji mizigo na kodi za kulipia gharama ya reli hiyo, na Kamishna Charles Eliot aliamini kwamba njia ya pekee ilikuwa kuwaleta wakulima wa Kizungu. Sheria ya mwaka 1902 iliruhusu ardhi ikodishwe kwa miaka 99, na ile ya mwaka 1915 ikaurefusha muda huo hadi miaka 999. Kwa tajiri mwenye fedha taslimu, masharti hayo yalikuwa kama zawadi.

McMillan alijipatia takriban ekari 20,000 karibu na mahali mito ya Ndarugu na Athi inapokaribiana, akaliita shamba hilo Juja. Inasimuliwa kwamba jina lenyewe lilitoka kwenye sanamu mbili za miungu, Ju na Ja, alizozipata Afrika Magharibi. Kama masimulizi hayo ni ya kweli, basi mji wa Juja, ambako maelfu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta wamepitia, una jina lisilo la Kikuyu, la Kikamba wala la Kimaasai. Baadaye aliongeza mashamba katika eneo la Ol Donyo Sabuk, na mlima wenyewe ukawa wake.

Alikuwa mtu wa mwili mkubwa kupita kiasi. Walowezi wenzake walisimulia kwamba mkanda wa upanga wake ulikuwa na urefu wa inchi 64. Alipenda wageni, na wageni walimpenda kwa sababu meza yake haikukauka. Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa naibu waziri kijana katika wizara ya makoloni, alikaribishwa Juja mwaka 1907. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifika mwaka 1909 katika msafara wake mashuhuri wa kuwinda wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, na shamba hilo likawa mojawapo ya vituo vyake. Mjini Nairobi McMillan alikuwa na nyumba ya Chiromo, iliyojengwa na mlowezi mwingine mwenye sifa, Ewart Grogan. Leo jina Chiromo ni la bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi.

Lakini habari za karamu za Juja husimuliwa mara nyingi na habari za ardhi husahauliwa. Kabla ya ujio wa reli, mabonde na mbuga za kandokando ya Athi zilikuwa malisho ya Wamaasai, Wakamba na Wakikuyu kwa nyakati mbalimbali, kulingana na mvua na vita. Hakukuwa na hati, wala hapakuhitajika. Mwaka 1906 serikali iliwawekea Wakamba wa Ulu mipaka ya hifadhi, na nje ya mipaka hiyo yakabaki mashamba ya walowezi na ardhi iliyoitwa ya Mfalme, ikiwemo sehemu kubwa ya uwanda wa Yatta. Masii ilijikuta ndani ya mipaka hiyo. Mifugo ambayo zamani ingehamishwa wakati wa kiangazi ililazimika kubaki pale pale, mwaka baada ya mwaka, juu ya udongo mwekundu uliokuwa ukichukuliwa na maji.

Ni haki kusema kwamba McMillan hakuichora mipaka hiyo kwa mkono wake. Ni haki pia kusema kwamba aliishi vizuri kutokana nayo.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914 alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 40, na uzito wake ungetosha kumpa kisingizio cha kubaki nyumbani. Alijiunga na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichojulikana kama Frontiersmen, ambacho kilikusanya wawindaji, wazururaji na watu wa kila namna. Humo alikuwemo Frederick Selous, mwindaji mkongwe aliyeuawa Beho Beho, kusini mwa Tanganyika, Januari 1917. Nyumba ya Chiromo iligeuzwa kuwa mahali pa maofisa waliojeruhiwa kupumzikia. Mwaka 1918 Mfalme wa Uingereza alimtunuku McMillan daraja lililompa cheo cha Sir, na mkewe akawa Lady McMillan. Aliwahi pia kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni.

Vijana wa Ukambani walikuwa katika vita hivyo hivyo, wengi wao wakiwa wapagazi wa jeshi la kubebea mizigo ambalo lilileta neno Kariakoo katika lugha ya Kiswahili. Waliofia njiani kwa njaa na kuhara damu hawakuchongewa majina mlimani.

Afya ya McMillan ilidhoofika mapema. Alifariki Machi 1925 karibu na Nice, kusini mwa Ufaransa, akiwa na miaka 52. Alikuwa ameacha wosia kwamba azikwe kwenye kilele cha Ol Donyo Sabuk, mita 2,145 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo angeyaona mashamba yake yote. Mwili ukasafirishwa hadi Kenya.

Siku ya mazishi ndiyo sehemu ya maisha yake inayokumbukwa zaidi na watu wanaoishi chini ya mlima. Jeneza lilikuwa zito, njia ilikuwa ya mteremko mkali, na trekta ndilo lililopewa kazi ya kulivuta. Inasimuliwa kwamba klachi ya trekta hilo iliungua kabla ya kufika kileleni. Waombolezaji walisimama, wakatazama juu, wakatazama chini, kisha wakaamua kuchimba kaburi pale pale mashine ilipokwama. Hivyo mtu aliyewahi kushindwa na maji ya Nile ya Buluu alishindwa tena na mwinuko wa Kyanzavi.

Lady McMillan aliishi miaka mingine 32. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Hapo ndipo mti wa ukoo huo unapokoma kwa upande wa Kenya, kizazi kimoja tu baada ya kupandwa. Wengine waliofika wakati mmoja nao, kama kina Delamere, waliacha wana na wajukuu ambao majina yao yaliendelea kusikika mahakamani na magazetini hata baada ya Uhuru. Mtu anayetaka kuufuatilia ukoo wa McMillan huko nyuma anaweza kufika St. Louis, Hamilton hadi Uskoti. Akitaka kuufuatilia kuja mbele, hukutana na jiwe la kaburi.

Badala ya watoto, mjane alijenga maktaba. Kwa fedha zake na msaada wa shirika la Carnegie la Marekani, jengo la mawe lenye nguzo nene na simba wawili mlangoni lilisimamishwa katikati ya Nairobi na kufunguliwa mwaka 1931, kwa kumbukumbu ya mumewe. Humo alitia vitabu, na pia samani zilizokuwa za Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyeondoka nchini mwaka huo huo baada ya shamba lake la kahawa kufilisika. Ila maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Kwa zaidi ya robo karne Mwafrika angeweza kufagia sakafu yake lakini si kufungua kitabu chake.

Mwaka 1938 maktaba hiyo ilipewa sheria yake maalumu ya kuilinda, jambo ambalo si jengo lolote tu nchini lingeweza kujivunia. Mwaka huo huo serikali iliamuru Wakamba wa Machakos wapunguze mifugo yao kwa nguvu, kwa hoja kwamba ng'ombe walikuwa wameharibu udongo wa hifadhi. Zaidi ya ng'ombe 2,000 walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama kikiwa tayari kimejengwa Athi River. Maelfu ya wanaume, wanawake na watoto wakiongozwa na Muindi Mbingu walitembea kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini serikali iliachana na ulazima huo. Swali la kwa nini mifugo ilikuwa imesongamana mahali pamoja halikujibiwa kwa kuyataja mashamba yaliyokuwa ng'ambo ya mpaka.

Nairobi ya leo imewaweka watu hao wawili karibu kuliko walivyowahi kuwa. Barabara ya Muindi Mbingu inapita hatua chache tu kutoka Maktaba ya McMillan, karibu na Msikiti wa Jamia. Mpita njia anaweza kutoka barabara ya mmoja na kufika mlango wa mwingine kabla ya kumaliza kula muhogo wa kuchoma.

Lady McMillan alifariki mwaka 1957, akazikwa kando ya mumewe. Karibu nao amelazwa Louise Decker, aliyewatumikia kwa miaka mingi, na mbwa wao pia ana mahali pake hapo. Mwaka 1962 Baraza la Jiji la Nairobi lilichukua usimamizi wa maktaba, na milango ikawa wazi kwa kila mkazi. Mlima nao ulitangazwa mbuga ya kitaifa mwaka 1967, ukawa mali ya umma ambayo mtu wa Masii anaweza kuizuru kwa kulipa kiingilio langoni.

Kuanzia mwaka 2018 shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilishirikiana na serikali ya kaunti katika mpango wa kukarabati maktaba hiyo pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kupanga upya nyaraka na vitabu vilivyokuwa vimelala vumbini kwa miongo mingi, magazeti ya enzi za ukoloni yakiwemo. Watoto wa mitaa ya Eastlands, wasio na uhusiano wowote wa damu na ukoo wa Hamilton na St. Louis, ndio waliokuja kujaza viti vya kusomea chini ya jina la McMillan.