Gregory: Karani wa sufu aliyefumbua fumbo la Bonde la Ufa

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwenda Naivasha akishapita Limuru hufika mahali ambapo ardhi hukatika ghafla, na bonde pana likajitandaza chini yake hadi macho yakachoka. Mlima Longonot umesimama katikati ya bonde hilo, na kwa mbali huonekana ukuta wa Mau.

Kwa miaka mingi wasafiri walilitazama na kustaajabu tu. Aliyekuja kulichunguza jiwe kwa jiwe na kueleza namna lilivyotokea ni John Walter Gregory, mwanajiolojia aliyefika hapa mwaka wa 1893 akiwa na umri wa miaka 29.

Gregory alizaliwa London mnamo Januari 27, 1864, mwana wa mfanyabiashara wa sufu. Aliacha shule akiwa na miaka 15 akawa karani katika biashara hiyo hiyo ya manyoya ya kondoo. Mchana alishughulika na hesabu za sufu, na jioni alikwenda kusoma sayansi katika chuo cha Birkbeck, kilichokuwa kimbilio la watu wa kazi wenye kiu ya elimu. Mnamo 1887 aliajiriwa katika idara ya jiolojia ya Makavazi ya Uingereza, na mwaka wa 1891 akapata shahada yake.

Safari yake ya Afrika Mashariki ilianza kwa mkosi. Alikuwa amejiunga na msafara mkubwa wa Waingereza, lakini msafara huo ulisambaratika mapema, naye akaugua malaria. Mtu mwingine angepanda meli na kurudi kwao. Gregory alikusanya wapagazi wapatao 40, akaondoka Mombasa na msafara wake mwenyewe, wenye fedha kidogo na silaha chache, kuelekea Naivasha, Baringo na Mlima Kenya.

Fumbo lililomkabili linaeleweka hata na asiyesoma jiolojia. Mabonde mengi duniani huchimbwa na mito. Maji hukata mwamba polepole, yakabeba mchanga na kokoto hadi baharini. Iwapo Bonde la Ufa lilichimbwa hivyo, mto wenyewe uko wapi, na kifusi chote hicho kilipelekwa wapi? Maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria yamo ndani ya bonde, na hakuna mto unaotoka humo kwenda baharini.

Mtaalamu Eduard Suess wa Vienna alikuwa amedokeza jibu mnamo 1891, akitumia taarifa za msafara wa Teleki na von Höhnel. Hata hivyo, Suess hakuwahi kukanyaga bonde lenyewe. Ushahidi ulipaswa kutafutwa mahali penyewe.

Gregory aliutafuta katika kuta za bonde na katika vilima vya Baringo. Alipima miinuko, akakusanya mawe na kulinganisha tabaka. Tabaka za lava zilizo juu ya kingo hazikuwa zimeliwa na maji katikati ya bonde. Zilikuwa zimevunjika na kushuka, vipande vikilala chini kwa ngazi, kimoja kikiwa chini ya kingine. Kwa maneno mengine, gamba la dunia lilipasuka kwa nyufa ndefu zinazokaribia kuwa sambamba, na ardhi iliyo kati ya nyufa hizo ikadidimia. Volkano kama Longonot na Menengai ni milango ambamo moto wa chini ulipata kutokea.

Aina hiyo ya bonde ndiyo aliyoipa jina la bonde la ufa, na mwaka wa 1896 akachapisha kitabu chake kuhusu safari hiyo. Jina hilo hutumiwa na wanajiolojia mahali popote penye bonde la namna hiyo.

Katika Mlima Kenya alipanda hadi kwenye mito ya barafu, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mwanasayansi yeyote kabla yake. Asubuhi moja wapagazi wake walimjia wakiwa na hofu: maji ya vyunguni yalikuwa yamerogwa, yamekuwa meupe na magumu, hata fimbo haikupenya. Ilikuwa barafu. Chini zaidi ya hapo aliona vifusi vya mawe vilivyoachwa na barafu ya kale, akatambua kwamba zamani barafu ya mlima huo ilishuka mbali kuliko alivyoikuta. Leo hata hiyo aliyoiona imebaki vipande vidogo tu.

Gregory alikuwa profesa Melbourne kuanzia 1900, kisha Glasgow kati ya 1904 na 1929. Alirudi Afrika Mashariki mnamo 1919, na mwaka wa 1921 akatoa kitabu kingine kuhusu mabonde ya ufa.

Si yote aliyoyaamini yaliyosimama. Alikataa nadharia ya Alfred Wegener kwamba mabara husogea, akishikilia kwamba bahari zilitokana na nchi kavu kuzama. Sasa inajulikana kwamba bamba la Nubia na lile la Somalia yanaachana kwa milimita chache kila mwaka, na mvutano huo ndio unaoshusha sakafu ya bonde. Bonde aliloligundulia asili yake ni mojawapo ya ushahidi bora wa nadharia aliyoipinga. Aidha, katika maandishi yake ya 1925 alitetea kutenganishwa kwa watu kwa misingi ya rangi. Ni ajabu kwa mtu ambaye uhai wake ulikuwa umebebwa mabegani mwa wapagazi wa Kiafrika.

Kazi ya ardhi haikukoma. Mvuke wa joto la chini umekuwa ukizalisha umeme Olkaria tangu 1981. Mnamo Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa ulifunguka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Wataalamu walibishana iwapo ni msukosuko wa chini ya ardhi au ni maji yaliyosomba majivu laini ya volkano yaliyojaza ufa wa zamani.

Gregory aliendelea kusafiri hata baada ya kustaafu. Mnamo Juni 2, 1932, akiwa na miaka 68, alikuwa Peru akichunguza milima ya Andes pale mtumbwi wake ulipopinduka katika Mto Urubamba. Alikufa maji kwenye korongo la Mainique, ambako mto huo umejichongea njia katikati ya miamba.