Mcheza Kwao Asiyetunzwa

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na sidhani yuko hata mmoja wetu aliyewahi kuitilia shaka. Lakini je, ndugu msomaji, vipi yule anayecheza kwao, na kwao wakamfungia uwanja? Swali hili lilinijia mwaka jana, nami naomba nikusimulie jinsi lilivyonijia.

Tulikuwa katika mashindano ya tenisi baina ya shule. Mwamuzi akasema mpira wangu umetoka nje, hali macho yangu yaliuona ukigusa mstari. Nilighadhibika, nikaibwaga raketi chini na kutamka maneno ambayo siwezi kuyaandika humu. Kumbe mwalimu wetu wa michezo alikuwa nyuma yangu! Hakunichapa wala hakunikemea. Tuliporudi shuleni alinipa kitabu kikuukuu kilichohusu maisha ya Arthur Ashe, akaniambia nikikimaliza niende tuzungumze. Nilikisoma kwa siku nne, usiku nikitumia tochi chini ya blanketi (viranja wa bweni wasisome hapa).

Arthur Robert Ashe alizaliwa tarehe 10 Julai 1943 katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, Marekani. Siku zile sheria za jimbo hilo ziliwatenga watu weusi na weupe. Shule zilikuwa mbalimbali, viti vya basi mbalimbali, hata viwanja vya kuchezea mbalimbali. Baba yake aliajiriwa kuitunza bustani ya Brook Field iliyotengewa watu weusi, na nyumba yao ilikuwa mle mle ndani. Basi mtoto alipotoka mlangoni hatua chache tu, miguu ilikuwa tayari uwanjani. Mama yake, Mattie, alifariki mwaka wa 1950 kabla mtoto hajatimiza miaka saba. Twaambiwa kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu alifunzwa na babaye, mzee asiyependa mzaha, kisha ulimwengu ukamalizia.

Alianza kushika raketi akiwa na miaka saba hivi, akifundishwa na kijana mmoja mchezaji hodari aliyeitwa Ron Charity. Baadaye Charity akampeleka kwa daktari mweusi wa mji wa Lynchburg, Robert Walter Johnson, ambaye kila likizo alikuwa akiwakusanya watoto weusi kwake na kuwafunza tenisi. Ndiye pia aliyemnoa Althea Gibson, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon, mwaka wa 1957.

Hapa ndipo niliposimama kusoma nikaona haya. Daktari Johnson alikuwa na amri moja ngumu. Mpira wa mpinzani ukianguka nje kidogo tu ya mstari, wanafunzi wake walitakiwa kuuhesabu kuwa umeingia na kuendelea kucheza. Kubishana na mwamuzi kulikuwa marufuku, na kutupa raketi ndiyo kabisa! Si kwamba alikuwa mwoga. Alijua kuwa mtoto mweusi akizua zogo mara moja tu, wenye mashindano watapata kisababu cha kuwafukuza wote.

Lakini hata adabu hiyo haikufungua milango ya Richmond. Wakati wa baridi viwanja vya ndani ya majumba vilikuwa vya wazungu peke yao, na mashindano mengi ya mjini hayakumpokea. Hivyo mwaka wa 1960 alihamia St. Louis kumalizia shule ya sekondari, kisha akapata nafasi ya kusomeshwa bure na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mji wake ulimpoteza hivi hivi.

Mwaka wa 1963 akachaguliwa kuingia katika timu ya taifa ya Marekani ya Kombe la Davis. Kwa wasiojua, hili ni shindano la timu za wanaume lililoanza mwaka wa 1900, ambalo mtu hachezi kwa jina lake bali kwa jina la nchi yake. Ashe alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika timu hiyo. Hebu fikiri! Kijana aliyenyimwa uwanja nyumbani sasa amevaa koti la taifa. Naye alilivaa kwa heshima. Katika aushi yake ya uchezaji aliiwakilisha nchi katika mechi 32 za mchezaji mmoja mmoja, akashinda 27.

Mwaka wa 1968 ulikuwa mzito. Mwezi wa Aprili Martin Luther King aliuawa kwa risasi. Mwezi wa Septemba, Ashe, ambaye wakati huo alikuwa luteni jeshini, alishinda mashindano ya wazi ya Marekani kwa kumshinda Tom Okker wa Uholanzi kwa seti tano. Zawadi ilikuwa dola 14,000. Lakini kwa kuwa Ashe alikuwa bado mchezaji wa ridhaa, aliyeshindwa ndiye aliyezichukua! Mshindi alipewa dola 20 za matumizi kwa siku. Mwezi wa Desemba akasaidia Marekani kulitwaa Kombe la Davis kutoka kwa Australia.

Sasa nifike penye mjadala. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini ilikuwa imemnyima ruhusa ya kuingia nchini, na mwaka wa 1970 nchi hiyo ikafungiwa nje ya Kombe la Davis. Mwaka wa 1973 ilimkubalia. Akaweka sharti kuwa watazamaji wasitengwe kwa rangi, ingawa ahadi aliyopewa haikutimizwa yote. Alifika fainali Johannesburg akashindwa na Jimmy Connors, lakini akashinda ya wawili wawili akiwa na Okker yule yule. Waafrika wengine walifurahi kumwona mtu mweusi huru. Wengine walimlaumu usoni kwamba anaipamba serikali dhalimu. Nani alikuwa na haki? Mwenyewe baadaye aliona kuwa kususia ndiyo njia. Tarehe 11 Januari 1985, akiwa nahodha wa timu ya taifa, alikamatwa na polisi akiandamana mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington. Mimi namheshimu zaidi kwa kubadili mawazo kuliko angeng'ang'ania.

Fainali ya Wimbledon ya mwaka wa 1975 haina budi kutajwa. Mpinzani wake alikuwa Connors, bingwa wa mwaka uliotangulia, ambaye hakuwa amepoteza seti hata moja katika mashindano yale. Ashe alikuwa karibu kutimiza miaka 32. Tena Connors alikuwa amemshtaki mahakamani, kwani Ashe alimlaumu kwa kukataa kuichezea nchi katika Kombe la Davis. Ashe hakurusha neno. Aliingia uwanjani amevaa koti la timu ya taifa, likasema lenyewe. Kisha, yeye aliyezoea kupiga kwa nguvu, akacheza polepole, mipira laini, ya chini, mingine ya juu juu, mpaka Connors akachanganyikiwa. Alishinda 6-1, 6-1, 5-7, 6-4, akawa mwanamume mweusi wa kwanza kutwaa taji hilo.

Bara letu pia alilijua. Mwaka wa 1971 huko Yaoundé, Kamerun, alimwona mvulana mmoja akicheza vizuri ajabu, akamfanyia mpango wa kwenda kufunzwa Ufaransa. Mvulana huyo ni Yannick Noah. Mwaka wa 1982 Ashe, akiwa nahodha, aliiongoza Marekani kuishinda Ufaransa katika fainali ya Kombe la Davis, na nyota wa Ufaransa alikuwa Noah huyo huyo!

Moyo ndio uliomwangusha. Alipatwa na mshtuko wa moyo mwaka wa 1979, akapasuliwa, na mwaka wa 1983 akapasuliwa tena. Damu aliyotiwa ilikuwa na virusi vya UKIMWI, naye hakujua mpaka mwaka wa 1988. Aliitunza siri hiyo kwa ajili ya mkewe Jeanne na binti yao mdogo. Mwezi wa Aprili 1992, gazeti moja lilipokaribia kuianika, ilimbidi aitangaze mwenyewe hadharani. Siku zile hata hapa kwetu mgonjwa wa UKIMWI alinong'onwa na kukimbiwa. Ashe alitumia miezi yake ya mwisho kuwafundisha watu juu ya ugonjwa huo. Aliaga dunia tarehe 6 Februari 1993, akiwa na miaka 49.

Maiti yake iliwekwa katika jumba la gavana wa Virginia, pale pale Richmond, na maelfu wakapita kutoa heshima. Mwaka wa 1996 sanamu yake ilisimamishwa katika barabara kuu iliyopangwa sanamu za majenerali waliopigania utumwa udumu. Wengi walipinga. Lakini mwaka wa 2020 na 2021 majenerali wale waliondolewa mmoja mmoja. Ashe amebaki.

Nilimrudishia mwalimu kitabu. Aliniuliza nimejifunza nini. Nikamjibu kuwa nilidhani mtu mpole ni mtu asiye na hasira. Kumbe Ashe alikuwa nayo tele, ila hakuimaliza juu ya mpira mmoja uliotoka nje. Aliiweka kwa ajili ya watu waliotolewa nje. Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akaniambia niende uwanjani, wenzangu wananingoja.

Ama ile methali, sasa naona wahenga hawakukosea. Walituambia mcheza kwao hutunzwa. Hawakutuambia ni lini.