John Baskerville, Fundi wa Herufi

Kabla sijaanza habari hizi nataka kuungama kosa moja. Nilipokuwa kidato cha tatu nilipewa kazi ya kupanga tangazo la ada ya mtihani, maana nilikuwa nimesifiwa kuwa hodari wa kompyuta. Nikatumia aina sita za herufi, nikazungushia maua na nyota, na tarehe ya mwisho ya kulipa nikaibana chini kabisa kwa herufi ndogo za kulala. Kila mtu alilisifu tangazo lile. Lakini ndugu mmoja wa kidato cha nne alilisoma asiione tarehe, akaleta fedha siku mbili baada ya mlango kufungwa. Mwaka ule hakufanya mtihani. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Tangu hapo nilianza kuuliza kazi ya herufi ni nini hasa, na katika kuuliza kwangu nikakutana na habari za John Baskerville.

Bwana huyu alizaliwa karibu na mji wa Kidderminster, Uingereza, katika mwaka wa 1706. Alipokuwa kijana alikwenda Birmingham, akawa mwalimu wa mwandiko, na pamoja na hayo akachonga maandishi katika mawe ya makaburi. Kibao chake kimoja cha jiwe, alichokichonga ili kuwaonyesha wateja ufundi wake, kimehifadhiwa Birmingham mpaka leo. Basi mkono wake ulijifunza umbo la herufi kwa kalamu na kwa patasi kabla hajagusa mtambo wa chapa.

Hata hivyo mali yake hakuipata kwa herufi. Aliipata kwa kupaka masinia na masanduku rangi nyeusi ya kung'aa kwa namna ya kazi za Japani. Biashara ile ilimtajirisha. Akajenga nyumba kubwa, akavaa makoti yenye nyuzi za dhahabu, na akapanda gari la farasi ambalo ubavuni lilichorwa picha za kazi za kiwanda chake. Alipenda sana kutazamwa. Ajabu ni kwamba mtu huyo mwenye majivuno ndiye aliyekuja kupiga chapa vitabu visivyo na majivuno hata kidogo.

Karibu na mwaka wa 1750, umri wake ukiwa umepita miaka arobaini, alianza kutengeneza herufi za chapa. Kazi hiyo ilikuwa ngumu siku zile. Kwanza herufi ilichongwa kinyume katika ncha ya kipande cha chuma kigumu. Chuma hicho kikagongwa juu ya shaba mpaka kikaacha alama, na alama ile ikawa kalibu. Kisha risasi iliyoyeyushwa ikasubiwa ndani ya kalibu, ikatoka herufi moja. Ukurasa mmoja ulitaka herufi nyingi sana, na kila moja ilipangwa kwa mkono. Baskerville alichora maumbo, na fundi wake John Handy akayachonga.

Lakini aliona kwamba herufi nzuri peke yake haitoshi. Karatasi ikiwa na mikwaruzo, na wino ukiwa wa kijivu, uzuri wa herufi hupotea. Basi akachanganya wino wake mwenyewe, mweusi kuliko wa wenzake. Akatumia pia karatasi mpya laini isiyo na mistari, iliyotengenezwa na James Whatman. Kurasa zilipotoka mtamboni, akazikandamiza kati ya vibao vya shaba vilivyotiwa moto, mpaka zikawa nyororo. Kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil kwa Kilatini, kilitoka mwaka wa 1757, baada ya kazi ya miaka mingi.

Ukikitazama utaona somo lake. Herufi ni za mviringo, na mistari yake minene na myembamba imetofautiana wazi. Pembeni pameachwa nafasi kubwa nyeupe, na kati ya mstari na mstari pana pumzi ya kutosha. Katika ukurasa wa jina hakuna maua wala picha. Kuna maneno tu, yamepangwa kwa nafasi. Baskerville alijua kwamba mahali peupe hapapotei bure, maana ndipo jicho linapopumzika.

Je, watu walimshukuru? Wengine walimsifu, lakini wapiga chapa wengi wa Uingereza walimdharau. Wakasema mistari yake myembamba na karatasi yake ya kung'aa vitaharibu macho ya wasomaji. Mwaka wa 1760 rafiki yake Benjamin Franklin, Mmarekani ambaye naye alikuwa mpiga chapa, alimwandikia kumsimulia hila aliyoifanya. Bwana mmoja alimlalamikia Franklin kwamba herufi za Baskerville humwumiza macho. Franklin akachukua karatasi ya herufi za William Caslon wa London, ambazo watu walizisoma kila siku bila taabu, akararua jina la mwenyewe, akamwambia kuwa hizo ndizo za Baskerville. Bwana yule akazipitia moja moja, akaonyesha kasoro zake, na akalalamika kwamba macho yamekwisha kumwuma.

Mwaka wa 1758 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimfanya Baskerville kuwa mpiga chapa wake, na mwaka wa 1763 akatoa Biblia kubwa inayohesabiwa miongoni mwa kazi zake bora kabisa. Yeye mwenyewe hakuamini dini ya Kikristo, wala hakulificha jambo hilo. Lakini kitabu kile alikipa heshima yote ya mkono wake. Hata hivyo Biblia zile hazikununuliwa kama alivyotumaini, na zilizobaki aliziuza kwa bei ya hasara. Kazi ya chapa ilikula fedha zilizoletwa na masinia.

Nyumbani mwake aliishi Sarah Eaves, mwanamke aliyeachwa na mumewe pamoja na watoto. Watu wakanong'ona sana. Mumewe alipokufa, Baskerville alimwoa Sarah, mwaka wa 1764. Mama huyu alisaidia kazi ya chapa, na mumewe wa pili alipofariki tarehe 8 Januari 1775, aliendelea kwa muda kusubu herufi. Mwaka wa 1779 aliziuza kwa Beaumarchais, mwandishi wa Ufaransa, aliyezitumia kupiga chapa kazi zote za Voltaire. Hivyo herufi za Birmingham zikahamia ng'ambo, na nchini kwake zikasahauliwa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Katika karne ya ishirini mafundi waliziona tena, wakashangaa. Mwaka wa 1923 kampuni ya Monotype ilitoa herufi mpya kwa mfano wake, na mwaka wa 1953 vyuma vyenyewe vya asili vilirudishwa Cambridge kama zawadi kutoka Ufaransa. Leo ukifungua orodha ya herufi katika kompyuta nyingi, utaliona jina la Baskerville. Hata Sarah hakusahauliwa: mwaka wa 1996 Zuzana Licko alitengeneza herufi akaziita Mrs Eaves.

Basi, ndugu zangu mnaopanga gazeti hili baada yetu, shikeni mafunzo machache ya mzee huyu. Aina moja ya herufi yatosha, au mbili. Msijaze ukurasa kama gunia. Jambo lililo kubwa kwa msomaji liwe kubwa machoni pake. Na kabla ya kupiga chapa, mpeni mtu asiyejua habari hiyo alisome, kisha mwulizeni ameona nini.

Yule ndugu yetu alifanya mtihani mwaka uliofuata, akafaulu. Lakini mwaka ule mmoja ulikuwa mali yake, nami ndiye niliyeupoteza, kwa ajili ya maua na nyota.