Arnold Theiler: Tabibu wa farasi aliyeandika madhara ya tiba yake mwenyewe

Mfugaji wa Ndera, wilayani Gasabo, anayepoteza ndama kwa ikibagarira, ugonjwa ambao kwa Kiswahili huitwa ndigana kali, hupambana na kijidudu chenye jina la daktari wa mifugo kutoka Uswisi. Kijidudu hicho, Theileria, huenezwa na kupe na kushambulia ng'ombe. Lakini Arnold Theiler mwenyewe alitumia pia muda mwingi akitafiti magonjwa ya farasi.

Alizaliwa Frick, Uswisi, tarehe 26 Machi 1867, na mwaka 1891 akahamia Transvaal, Afrika Kusini ya leo. Mwanzo wake ulikuwa mchungu. Kwa kukosa wateja aliajiriwa katika shamba moja karibu na Pretoria, na huko mashine ya kukatia majani ya mifugo ikamkata mkono wa kushoto. Kazi yote iliyomletea sifa aliifanya kwa mkono mmoja. Mwaka 1893 alitengeneza chanjo ya ndui kwa ajili ya Johannesburg, na sotoka ilipoingia mwaka 1896 alikuwa tayari daktari wa mifugo wa serikali.

Tauni ya farasi

Ugonjwa uliomshughulisha zaidi ni tauni ya farasi, ambayo huibuka msimu wa mvua. Mnyama aliyeonekana mzima asubuhi hushikwa na homa, mapafu hujaa maji, povu humtoka puani, akafa. Katika mlipuko wa 1854 na 1855 koloni la Cape lilipoteza farasi wapatao 70,000. Wakati huo farasi alikuwa usafiri, posta na jeshi, na ndiyo maana serikali za kikoloni zilikuwa tayari kugharamia utafiti huo. Vita vya Waingereza na Makaburu vilipomalizika mwaka 1902, watawala wapya walimbakisha Theiler kazini, ingawa alikuwa amewatumikia Makaburu. Mwaka 1908 taasisi yake ya Onderstepoort, kaskazini mwa Pretoria, ilifungua milango.

Njia yake ilikuwa kumdunga mnyama damu yenye virusi pamoja na seramu ya farasi aliyekwisha kupona ugonjwa huo. Kwa nyumbu, wazao wa punda dume na farasi jike, ilifaa sana. Kwa farasi ilikuwa bahati nasibu: wengi walikufa, na waliopona waliweza kuugua tena, kwani Theiler aligundua kwamba kinga dhidi ya aina moja ya virusi haizuii aina nyingine. Leo zinajulikana aina tisa.

Pigo jingine lilifuata. Wiki au miezi kadhaa baada ya kudungwa, baadhi ya farasi walipata manjano, wakayumbayumba kama walevi, wakafa kwa ini kuharibika. Mtafiti mwenye cheo kama chake angeweza kuitupia lawama malisho yenye sumu. Theiler aliyachunguza maini hayo, na mwaka 1918 akaueleza ugonjwa huo bayana pamoja na uhusiano wake na sindano. Hadi leo unaitwa kwa jina lake. Virusi vinavyohusishwa nao vilielezwa mwaka 2018 nchini Marekani, karne nzima baadaye.

Mwana na baba

Mwanawe Max, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1899, alitengeneza chanjo ya homa ya manjano huko New York, ile ambayo wasafiri wengi wa Afrika huibebea kadi ya njano. Chanjo hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Nayo ilikumbwa na balaa linalofanana na lile la baba: mwaka 1942 wanajeshi wa Marekani wapatao 50,000 waliugua homa ya ini, kwa sababu ilikuwa imechanganywa na seramu ya binadamu. Seramu hiyo iliondolewa. Mtu hujiuliza ni nani katika ofisi za New York aliyekuwa amesoma ripoti ya Pretoria kuhusu farasi.

Arnold Theiler alifariki London tarehe 24 Julai 1936. Miaka hiyohiyo R. A. Alexander wa Onderstepoort alikuwa akiidhoofisha tauni ya farasi kwa kuipitisha katika ubongo wa panya, mbinu aliyoianzisha Max kwa homa ya manjano, na hatimaye farasi wakapata chanjo waliyoweza kuistahimili.