Kaburi la Nyali: Mungu Mwaminifu katika Ndoa ya Ludwig Krapf



Katika kazi yangu ya ukatekista hapa Eldoret, swali ninaloulizwa na watu wa ndoa kwa sauti ya chini kuliko mengine yote halihusu pesa wala wakwe, ingawa hayo nayo yapo tele. Kwa kawaida anayeuliza ni mama. Baba huwa amekaa kando, kofia mkononi, akitazama sakafu. Anasema waliomba, walifanya novena, walikwenda hospitali mapema, na bado mtoto wakamzika. Sasa huo uaminifu wa Mungu tunaousoma katika Maandiko uko wapi?

Mwezi huu sitajibu kwa mahubiri. Nitawasimulia maisha ya mtu ambaye jina lake mnalijua tangu shuleni, nanyi mtaona jinsi swali hilo lilivyoingia nyumbani kwake.

Kila mtoto wa shule nchini Kenya hufundishwa kwamba Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849, na kwamba alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi badala ya zile za Kiarabu. Tulikariri hayo kwa ajili ya mtihani. Hatukuambiwa kwamba alikuwa mume wa mtu na baba wa watoto. Nitangulize kusema kwamba hakuwa Mkatoliki. Alikuwa Mlutheri wa Ujerumani aliyetumwa na chama cha Kianglikana cha CMS. Msomaji asiyependezwa na jambo hilo anivumilie kidogo, maana Abrahamu na Sara ni wetu sote.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika jamaa ya wakulima. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na mmoja hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa muda wa karibu nusu mwaka. Katika ugonjwa ule alisoma sana Biblia, na hasa alizipenda habari za wazee wa Agano la Kale na jinsi Mungu alivyosema nao. Liwekeni hilo moyoni, maana tutalirudia. Mtoto mgonjwa kitandani alikuwa anamzoea Abrahamu miaka mingi kabla ya kujua kwamba atamhitaji.

Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia, akafanya kazi kwa miaka kadhaa, sehemu kubwa katika ufalme wa Shewa. Mwaka 1842 alitoka huko hadi Misri, na katika mji wa Alexandria akafunga ndoa na Rosine Dietrich, binti wa kutoka Basel, Uswisi. Hawakukaa kustarehe. Walijaribu kurudi Ethiopia kwa njia ya Massawa, na Rosine alikuwa mjamzito. Nyikani, mbali na nyumba na mkunga, uchungu ukamshika kabla ya wakati wake. Mtoto wa kike akazaliwa, akabatizwa Eneba, jina ambalo katika lugha ya Kiamhari maana yake ni chozi. Aliishi muda mfupi tu. Walimzika pale pale, na baada ya muda kidogo safari ikaendelea, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kukaa. Mwisho wa taabu yote hiyo walikataliwa kuingia nchini, ikawabidi warudi walikotoka.

Hapa nitasema wazi mawazo yangu kama mume. Sipendezwi na mwanamume anayempitisha mke mjamzito jangwani, hata kama ni kwa ajili ya Injili. Ni kweli kwamba Rosine aliukubali mwito huo alipokubali kuolewa na mmisionari. Lakini sisi wanaume tunayo desturi ya kuita mipango yetu mapenzi ya Mungu, kisha mama na watoto ndio wanaolipa. Mzee Krapf alikuwa mtu wa imani kubwa, lakini katika jambo hilo simfuati.

Walipokatazwa Ethiopia waliamua kuja pwani yetu. Mnamo Novemba 1843 walipanda jahazi kutoka Aden. Jahazi likaanza kuvuja katika dhoruba hata wakakaribia kuzama, ikawalazimu kurudi na kuanza upya. Mwanzoni mwa Januari 1844 wakafika Unguja. Sultani Sayyid Said aliwapokea kwa heshima na kumpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, na mwezi wa Mei mume na mke wakaanza kukaa Mombasa. Rosine alikuwa mjamzito tena.

Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza kazi ambayo aliihesabu kuwa kubwa kuliko zote, yaani kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji, Mwislamu aliyeijua lugha yake vizuri. Sasa fikirini, ninyi mlio katika ndoa, ni mambo gani yaliyo katika sura tatu za mwanzo za kitabu hicho. Mna Mungu akiona kwamba si vizuri mwanamume akae peke yake. Mna Eva akiletwa kwa Adamu, na wawili wakiwa mwili mmoja. Halafu, katika sura ya tatu, mna mwanamke akiambiwa kwamba atazaa kwa uchungu, na mwanamume kwamba atarudi mavumbini. Ndiyo maneno ambayo Krapf alikuwa akiyatafutia Kiswahili, na mkewe karibu kujifungua.

Mwanzoni mwa Julai homa ilimwangusha Krapf mwenyewe. Tarehe 6 Julai Rosine akazaa mtoto wa kike. Siku chache baadaye homa ikamshika na yeye. Siku zile hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Hilo lilithibitishwa miaka zaidi ya hamsini baadaye. Mume na mke wakalala wagonjwa katika nyumba moja, kila mmoja akimsikia mwenzake akiugua bila kuweza kuinuka kumsaidia. Rosine alipoona kwamba anakufa, aliomba azikwe ng'ambo, upande wa bara, karibu na njia wanayopita Wanyika, kama walivyoitwa Wamijikenda wakati huo, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao habari zilizomleta. Akafa tarehe 13 Julai 1844. Krapf alikuwa dhaifu kiasi kwamba hata kwenda kuhakikisha kwamba mkewe amekata roho kulimshinda, ila kwa taabu kubwa. Siku chache baadaye mtoto naye akafa, akalazwa pamoja na mama yake.

Mwezi mmoja na siku tano tu zilikuwa zimepita tangu alipofungua kitabu cha Mwanzo. Alikuwa peke yake.

Ndipo nataka kuwauliza, wapendwa, kama Mungu alikuwa mwaminifu kwa mtu huyu, alikuwa mwaminifu kwa namna gani? Hakumwachia mke. Hakumwachia hata mmoja wa mabinti wale wawili. Sithubutu kusema kwamba Mungu aliwachukua kwa ajili ya mpango fulani. Nimewasikia watu wakiwaambia hivyo wafiwa kwenye matanga, na nimeona nyuso za akina mama wanapoambiwa. Afadhali kunyamaza na kumshika mtu mkono.

Ninachoweza kufanya ni kuwaonyesha sura moja katika kitabu kile kile cha Mwanzo, sura ya 23. Abrahamu alikuwa ameahidiwa nchi nzima. Miaka mingi alizunguka katika nchi hiyo akiishi hemani, bila shamba hata moja lililo lake. Kisha Sara akafa. Maandiko yanasema kwamba Abrahamu alikuja kumwombolezea na kumlilia. Baba wa imani alilia, na hakuna aliyemkemea. Alipoinuka alikwenda kwa Efroni Mhiti akamlipa shekeli 400 za fedha kwa shamba na pango la Makpela, apate kumzika mkewe. Kipande cha kwanza cha nchi ya ahadi kuwa mali ya Abrahamu kilikuwa kaburi la mkewe. Ahadi haikuvunjwa, ila ilianzia mahali ambapo sisi tungedhani ndipo imeishia.

Krapf, aliyezipenda habari hizo tangu utotoni, alifikiri kwa njia hiyo hiyo. Aliwaandikia wakubwa wake Ulaya kuwaarifu kwamba sasa kuna kaburi la mmoja wa misheni yao katika pwani ya Afrika Mashariki, nalo liwe ishara kwao kwamba kazi katika upande huu wa dunia imeanza. Hakuomba kurudishwa nyumbani. Aliendelea kutafsiri. Natumaini hamtanielewa vibaya: mtu anayefiwa na kushindwa kuinuka hata kwenda shamba si mwenye imani haba. Abrahamu alilia kwanza.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kama mmewahi kuzika mtoto, na tangu siku ile kila mmoja analia upande wake, usiku mmoja someni pamoja sura hiyo ya 23. Ni aya ishirini tu. Baba asome kwa sauti. Msiijadili. Nimewahi kuwapa wafiwa kazi hiyo, na baadhi yao waliniambia kwamba usiku huo ndio walitaja jina la mtoto wao kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Habari zake nyingine nizipite haraka, kwani vitabu vya historia vinazo. Mwezi Juni 1846 aliletewa mwenzake, Johannes Rebmann, na mwezi Agosti wakahamia Rabai, wote wawili wakiwa na homa, wakipokezana kupanda punda mmoja. Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Krapf alifika Ukambani, akauona Mlima Kenya kutoka Kitui. Mwaka 1851 alikuwa na Chifu Kivoi njiani kuelekea mto Tana waliposhambuliwa, Kivoi akauawa, naye Krapf akatangatanga porini akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki yake. Mwaka 1853 afya ilimshinda, akarudi Ujerumani kukaa katika kijiji cha Korntal.

Mwaka 1856 alioa tena, akamwoa Charlotte Pelargus wa Stuttgart. Huyo naye alifariki kabla yake, na mzee akaoa mara ya tatu. Jambo hili huwasumbua baadhi yenu, najua, hasa wajane ambao watoto wao wakubwa wamekasirika. Kanisa linafundisha kwamba kifungo cha ndoa hudumu hadi kifo, na kwamba aliyefiwa yu huru kuoa au kuolewa tena katika Bwana, kama Mtakatifu Paulo alivyowaandikia Wakorintho. Na mkigeuza kurasa chache baada ya kaburi la Sara, katika sura ya 25, mtamkuta Abrahamu akimwoa Ketura. Hata hivyo, alipokufa yeye mwenyewe, wanawe walimzika Makpela, pamoja na Sara.

Na ile tafsiri? Sura zile tatu za Mwanzo zilichapwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki, mahali ambapo hakuna Mswahili wa kuzisoma. Alitafsiri pia Agano Jipya, lakini halikupata kuwa kitabu mikononi mwa watu kama alivyotamani. Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1850. Biblia nzima ya Kiswahili ilikuja kuchapwa mwaka 1891, kazi ya watu wengine, kwa Kiswahili cha Unguja wala si cha Mombasa. Ile ya Union ikafuata mwaka 1952. Katika miaka ya 1990 ikatoka Biblia Habari Njema, iliyotayarishwa na Wakatoliki pamoja na Waprotestanti, ambayo wengi wenu mnayo kabatini. Nasema kabatini kwa makusudi.

Krapf hakuiona hata mojawapo ya Biblia hizo. Tarehe 26 Novemba 1881 walimkuta kule Korntal amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili, aliyoianza katika miaka yake ya Mombasa na Rabai, ilitoka London mwaka uliofuata.

Rosine na mtoto wake bado wako Nyali, upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Siku hizi ni mtaa wenye nyumba nyingi, na watu hupita karibu na kaburi lile kila siku wakienda kazini.