Mwenye Heri Anuarite, Binti Aliyeogopa



Wengi wetu tunayo nyumbani picha ya Mwenye Heri Anuarite. Uso wake umetulia, kana kwamba kifo kilimkuta akiwa amejitayarisha tangu utoto. Picha hiyo tunaipenda. Lakini inatuficha neno moja ambalo masista waliokuwa naye usiku wa mwisho hawakulificha hata kidogo: Anuarite aliogopa. Tumeona vema neno hilo likumbukwe katika kitabu hiki.

Alizaliwa Wamba tarehe 29 Desemba 1939, katika kabila la Wabudu, akapewa jina la Nengapeta, maana yake mali hudanganya. Baba yake Amisi na mama yake Isude walipata watoto wa kike tu, na kwa ajili hiyo baba alimwacha mama akaoa mwingine. Sisi tunaojua desturi zetu tunafahamu uchungu wa mtoto anayeona mama yake akiachwa kwa kosa lisilo kosa, na kosa lenyewe ni kuzaliwa kwake yeye na dada zake. Mwaka 1943 alibatizwa, akaitwa Alphonsine. Kisha, alipoingizwa shuleni, waliokuwa wakiandika majina walimwandika kwa jina la dada yake: Anuarite. Jina hilo maana yake ni mwenye kuicheka vita. Basi likabaki juu yake kwa kosa la kalamu tu, naye alikuwa msichana ambaye moyo wake ulishtuka upesi, aliyeguswa na kila neno, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kulia.

Hata hivyo binti huyo alipanda kamio iliyokuwa ikiwachukua wasichana kwenda Bafwabaka, kwa masista wa Jamaa Takatifu, bila kumwambia mama yake. Tusishangae. Mara nyingi mtu mwoga akikwisha kupenda kitu hukikimbilia, kwa sababu anajua kwamba akikawia kufikiri atarudi nyuma. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri kwa jina la Marie-Clémentine, na wazazi wake walifika na mbuzi wawili kuwa zawadi kwa shirika. Baadaye mama yake alipotamani arudi nyumbani amsaidie, hakurudi. Alifanya kazi za kila siku: sakristia, jikoni, kufundisha watoto wa shule. Alitaka kumpendeza Yesu peke yake. Tunapaswa kusema pia kwamba watu wa tabia yake huchoka na nafsi zao wenyewe: wanakusudia utulivu asubuhi, na jioni wameshindwa.

Mwaka 1964 vita ya waasi Simba ilifika katika nchi yetu ya mashariki. Tarehe 26 Novemba Askofu Wittebols wa Wamba aliuawa. Siku tatu baadaye waasi walifika Bafwabaka, wakawapakia masista, manovisi na wapostulanti katika kamio, wakisema wanawapeleka Wamba kwa usalama wao. Walilala Ibambi. Siku ya pili, njiani, mkubwa mmoja wa waasi aligeuza safari ielekee Isiro, mji ulioitwa wakati ule Paulis. Rozari na misalaba yao vilinyang'anywa vikatupwa.

Walifika Isiro tarehe 30, jua likikaribia kutua. Kolonele Ngalo alimwona Anuarite akataka awe mke wake. Masista wengine walipelekwa nyumba nyingine. Mama Kasima, mkubwa wao, alikataa kumwacha mtoto wake peke yake, hata alipotishwa. Hapo ndipo woga ulimshika Anuarite kwa nguvu. Chakula kilipoletwa hakuweza kula. Alimwomba Mama Kasima amwombee, kwa maana aliona mwenyewe kwamba nguvu zake hazitoshi.

Tunakaa kidogo hapa, kwa kuwa mahubiri mengi hupita mahali hapa mbio ili yafike kwenye damu. Binti huyu hakusema kwamba haogopi. Hakumdanganya mkubwa wake, wala hakujidanganya mwenyewe. Aliogopa, akasema hataki. Aliulizwa tena, akasema tena hataki, afadhali afe. Woga haukumtoka, ulibaki ndani yake pamoja na imani, na imani ndiyo iliyojibu.

Usiku, Ngalo alipoona ameshindwa, alimwita mwenzake Kolonele Olombe amsaidie. Olombe aliwalazimisha Anuarite na Sista Bokuma kuingia katika motokari. Walikataa wote wawili, naye akaanza kuwapiga. Sista Bokuma alivunjwa mkono, akaanguka akazimia. Anuarite alipigwa mpaka akalegea, na katika mapigo hayo alimwambia Olombe kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui anachofanya. Maneno hayo yalimwongezea huyo mtu hasira. Akawaita Simba wamchome kwa visu vya bunduki, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi. Ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964. Anuarite hakuwa bado ametimiza miaka 25.

Alizikwa katika shimo moja na maiti nyingine. Mwaka 1965 waliofukua shimo hilo walimtambua kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria aliyokuwa nayo katika nguo zake. Rozari ilikwisha kutupwa njiani. Hiyo sanamu ilimbakia. Leo mwili wake unapumzika katika katedrale ya Isiro.

Tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mwenye heri. Katika misa hiyo, kwa jina la Kanisa, alimsamehe mtu aliyemwua, jinsi Anuarite mwenyewe alivyokuwa amekwisha kumsamehe. Kanisa lilimwita kwa majina yake matatu, Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta: la utawa, la kosa la kalamu, na lile alilopewa na wazazi wake.