Louis Braille na Nukta Sita

Mmekwisha jifunza kwamba ngozi ya ncha za vidole hutambua hata kijiwimbi kidogo sana. Sasa tutasoma habari za kijana aliyeitumia hisi hiyo badala ya macho.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Siku moja Louis, mwenye umri wa miaka mitatu, aliingia karakanani akachezea msharasi, chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi. Msharasi ukateleza, ukamchoma jicho. Jicho hilo likaharibika, ugonjwa ukaenea hadi jicho la pili, naye akawa kipofu kabisa.

Mwaka 1819 alipelekwa katika shule ya wasioona mjini Paris. Vitabu vya huko vilikuwa na herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Vilikuwa vizito mno, na kidole kilizunguka kila herufi polepole. Tena mwanafunzi hakuweza kuandika mwenyewe. Na mtu asiyeweza kuandika hubaki akisikiliza mawazo ya wengine tu.

Charles Barbier, aliyewahi kuwa mwanajeshi, alikuwa amebuni maandishi ya nukta zilizoinuliwa. Kila alama yake ilikuwa na nafasi za nukta 12, kwa hiyo ncha ya kidole haikuweza kuifunika mara moja. Louis alizipunguza zikawa sita, katika safu mbili za nukta tatu tatu. Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, kazi hiyo ilikuwa tayari. Nukta sita hutoa alama 63 zilizo tofauti, nazo zatosha herufi, tarakimu na hata muziki.

Baadhi ya wakubwa wa shule walikataa maandishi hayo, na kwa muda yalipigwa marufuku. Wanafunzi waliendelea kuyatumia kwa siri. Louis, ambaye alikuwa amekuwa mwalimu pale pale, alifariki kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852. Ufaransa iliyakubali rasmi mwaka 1854.

Hapo kwanza kila nukta ilidungwa peke yake kwa chuma chenye ncha, kinachofanana sana na ule msharasi. Mwaka 1892, huko Marekani, Frank Hall alitengeneza mashine yenye vitufe sita, kitufe kimoja kwa kila nukta. Mwandishi hubonyeza pamoja vitufe vyote vya herufi moja, kama mpiga kinanda. Mashine za Perkins, zilizotokea mwaka 1951, hufanya kazi vivyo hivyo, na vitufe sita vya namna hiyo hutumika hata kwenye kompyuta.

Shule ya Msingi Mwisenge, mjini Musoma, imepata kupokea wanafunzi wasioona. Tuseme mmoja wao ataka kuandika jina la Kibara kwa mashine hiyo. Tukiacha alama ya herufi kubwa, kwa K hubonyeza kidole cha shahada na cha pete vya mkono wa kushoto kwa pamoja. Kwa I, cha kati cha kushoto na cha shahada cha kulia. Kwa B, cha shahada na cha kati vya kushoto. A ni cha shahada cha kushoto peke yake. R yahitaji vidole vinne: hivyo vitatu vya kushoto, pamoja na cha kati cha kulia. Kisha A tena.

Weka vidole vyako juu ya dawati, ujaribu.